Mama Nyuma, Mashine Mbele

Tangu turudi, kila anayenikuta kwenye foleni ya maji au mlangoni mwa kanisa ananiuliza swali lile lile: ni kweli mlisafiri na nyumba? Ni kweli. Na ni kweli pia kwamba nyumba hiyo ilikuwa na vitanda viwili vya godoro nene, na mama yangu hakulala humo hata usiku mmoja. Nimechoka kueleza vipande vipande, huyu nimpe mwanzo na yule nimpe mwisho, ndiyo maana naandika. Habari za vibali, bima na kumwomba ruhusa mwalimu mkuu naziacha, hazina utamu.

Kwanza mjue tulikwenda kufanya nini. Mama yangu, Nyabise, ana ugonjwa wa presha ya macho. Daktari alimweleza mbele yangu, bila kuzungukazunguka, kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, na kilichobaki hakitamaliza mwaka. Wakati ule alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo: akikutazama pua, haoni sikio. Na hata hiyo pua aione, sharti jua liwe kali. Tulipotoka hospitali hakulia. Alisema tu, "Sijamwona wajina wangu."

Wajina wake ni Nyabise mdogo, binti wa kaka yangu Bwire, mvuvi wa dagaa upande wa Kibara. Mtoto alikuwa ameingia mwaka wa nne na Mama hajamtia machoni. Kila Krismasi Bwire hutuma salamu kwamba watakuja. Krismasi ikifika, dagaa wanakuwa wengi mno au wanakuwa hakuna kabisa, na yote mawili kwake ni sababu ya kutokuja. Mama akaamua kwenda mwenyewe, kabla tundu halijazibwa.

Gari lilikuwa la Masanja, mume wa mdogo wangu Debora. Masanja ni Msukuma wa Kisesa, dereva wa miaka mingi. Soko huria lilipofunguliwa nchini na watu wakaanza kuja kutoka kila nchi kutafuta dhahabu, yeye aliwaendesha watafiti fulani wa kizungu kuzunguka ziwa lote. Walipofunga kambi, badala ya kiinua mgongo walimwachia lori lao la zamani lililojengewa nyumba mgongoni: vitanda viwili, meza, jiko la gesi, sinki lenye bomba la kupampu na mapazia ya maua. Walimwachia pia GPS, mashine ya kushika mkononi yenye ukubwa wa mche wa sabuni, inayoongea na setilaiti. Haikuwa na ramani wala sauti. Ilikuwa na kioo kidogo cha kijivu, mshale mmoja na namba ya kilomita zilizobaki. Mwaka uliotangulia, Masanja akiwa na watafiti wake, alipita kambini kwa Bwire, akala dagaa pale, akabonyeza kitufe na kuandika jina: BWIRE. Basi mashine ilikuwa inamjua kaka yangu alipo.

"Safari hii haina presha, shemeji," aliniambia. "Nyumba tunayo, njia tunayo. Hakuna kumuuliza mtu."

Ilemela hadi Kisesa

Presha ilianza kabla hatujawasha gari, na haikuwa ya macho.

Mama ni mkristo wa ibada ya kwanza, lakini mambo ya ukwe anayashika kama alivyofundishwa. Katika miaka minane ya ndoa ya Debora alikuwa hajamtazama Masanja usoni, hajala naye, hajakaa naye chumba kimoja, wala jina lake hajalitamka. Masanja naye vivyo hivyo. Wakikutana njiani, mmoja huingia kwenye majani. Sasa mtu huyo huyo anataka kumsafirisha.

Kukaa mbele karibu na dereva mkwe, haiwezekani. Kukaa nyuma, sawa, lakini nyuma ni chumba, tena chumba cha Masanja, chenye kitanda cha Masanja. Mama alisimama kwenye ngazi za lori uani kwetu Ilemela, akauliza swali ambalo nadhani watengenezaji wa magari yale hawajawahi kuulizwa.

"Hili ni gari au ni nyumba?"

"Ni gari, mama," nikasema.

"Likisimama?"

Nikamtazama Masanja. Masanja alikuwa ameshatazama ukuta.

"Mwambie mama," akasema, "likitembea ni gari. Likisimama, mimi siingii."

Wakakubaliana hivyo, kupitia kwangu, ingawa walikuwa wamesimama hatua sita tu baina yao na wote wanasikia. Mama akapanda na kigoda chake mwenyewe, akakiweka katikati ya vitanda viwili, akakaa bila kugusa godoro lolote. Mimi nikakaa mbele. Kati ya kabini na nyumba kulikuwa na kidirisha, na hicho ndicho kilichokuwa kituo changu cha kazi kwa siku zote za safari.

Tulipita Buzuruga, stendi imejaa watu wa kwenda Musoma wakitutazama na mapazia yetu. Kisesa tulisimama kwa ndugu wa Masanja, na hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa mkataba. Gari limesimama, kwa hiyo ni nyumba; Mama yumo, kwa hiyo Masanja haingii; na kofia yake, miwani yake na betri zote za mashine zimo ndani. Nilivitoa kimoja kimoja kidirishani huku shangazi zake Masanja wakicheka mpaka wanashika magoti. Walitupa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, mfuko mzima. Tulipoondoka ilikuwa saa saba mchana, saa tatu nzima nyuma ya mpango wetu.

Magu, au mshale kuelekea majini

Niwaeleze sasa jinsi mashine ile inavyofikiri. Haijui barabara. Inajua wewe uko wapi na unakokwenda ni wapi, basi, halafu inapiga mstari. Kibara iko ng'ambo ya ghuba, sisi tuko kusini yake, na barabara inazunguka ghuba yote kupitia Lamadi na Bunda. Kwa hiyo tulipokuwa tunakimbia mashariki, mshale ulikuwa unageuka kushoto taratibu, kilomita baada ya kilomita, kama mtu aliyekaa nawe benchi moja na hataki kukutazama. Tulipofika Magu ulikuwa unaelekea kushoto kabisa. Kilomita arobaini na tisa.

"Arobaini na tisa!" Masanja akasema. "Shemeji, tumefika."

"Huko ni ziwani."

"Lazima kuna njia ya kukata. Setilaiti iko juu, inaona kila kitu. Wewe mwalimu wa hesabu unabisha mstari ulionyooka?"

Hapo alinipatia. Miaka kumi na saba nimewaandikia watoto ubaoni kwamba njia fupi kati ya nukta mbili ni mstari ulionyooka. Tulipoupita mji, akakata kushoto kwenye njia ya mkokoteni, katikati ya mashamba ya pamba, na mshale ukasimama wima mbele yetu, umeridhika. Namba zikaanza kupungua. Masanja alikuwa anazisoma kwa sauti: arobaini na nane, arobaini na saba. Kisha njia ikaisha kwenye matete, na mbele ya matete likaonekana ziwa, kubwa na tulivu, likimeta.

Kidirisha kikagongwa.

"Mwulize mkwe wangu," Mama akasema kwa upole, "gari lake linaogelea?"

Sikuhitaji kufikisha ujumbe. Masikio ya Masanja yalikuwa yamekwisha kuwa mekundu, pamoja na weusi wake wote ule. Akarudi kinyumenyume kwa hasira, na magurudumu ya nyuma yakazama kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaoshika kama ugali wa moto.

Tulitolewa na ng'ombe wanane wa mzee mmoja aitwaye Lukas, ambaye alikuja polepole, akalizunguka lori, akachungulia mapazia na kuuliza kama tunauza nyumba. Kwanza ilibidi ng'ombe watoke kulima, halafu wanywe maji. Jua lilikuwa linazama tulipokanyaga ardhi ngumu. Mama akaomba malazi kwa mke wa Lukas. Mama yule hakuelewa.

"Si mna nyumba hapo?"

"Ni ya mkwe," Mama akajibu.

"Aa," mama yule akasema, na mjadala ukaisha hapo hapo. Alikwenda kututandikia mkeka bila swali la pili. Tulikula matobolwa, viazi vikavu vya kuchemshwa, na maziwa ya mgando, tukalala chini, Mama na mimi. Masanja peke yake ndiye aliyelala kwenye nyumba yenye vitanda viwili, na asubuhi alisema godoro ni zuri sana.

Lamadi na Bunda

Siku ya pili tuliondoka mapema na tukafuata lami kama wenye akili. Lamadi tulikula sato wa kukaanga kwa mama lishe mmoja aliyekuwa na redio kubwa na ulimi mkubwa zaidi. Mama aliulizia furu, wale samaki wadogo aliokulia, akaambiwa sangara wamewamaliza, na sangara wenyewe sasa wanapanda magari ya barafu kwenda viwandani, na wanaobaki kula mapanki, ile mifupa inayotupwa na viwanda, ni sisi. Mama alikula sato wake nyuma, ndani ya gari, nami nikala nje na Masanja, nikiinuka kila mara kupeleka chumvi na kuleta jibu.

Baada ya Lamadi mashine ilituudhi kwa namna mpya. Kilomita zilianza kuongezeka. Tulikuwa tunakwenda mbele na tunazidi kuwa mbali: arobaini na tano, arobaini na sita, arobaini na nane. Mshale ulikuwa unaelekea kwenye bega la Masanja la kushoto, kisha nyuma ya bega. Alijaribu kuufunika kwa kitambaa cha kufutia kioo, lakini kila baada ya dakika mbili alikuwa anafunua na kuchungulia, na kila akichungulia anakunja uso. Mimi nilikuwa natazama swala upande wa kulia na kujisikia vizuri. Sikumhurumia hata kidogo.

Bunda betri zikaisha. Mashine inakula betri nne kwa mara moja, na zile za akiba zilikuwa zimelowa maji ya sinki. Tulizunguka maduka matatu. Siku hizi madukani kuna kila kitu, sabuni za nchi tano, biskuti, kandambili za rangi zote, lakini betri tulizopata zilikuwa nyepesi mkononi kama maganda, na nusu saa baadaye zikaanza kufifia. Masanja akawa anaiwasha mashine kwa zamu: anaiwasha, anasubiri dakika tano itafute setilaiti zake, anasoma, anaizima. Kila ikitafuta, inabidi gari lisimame na yeye asimame barabarani ameinyosha juu kama mtu anayetoa sadaka.

"Anafanya nini huko?" Mama akauliza kidirishani.

"Anatafuta tulipo."

"Tupo hapa," Mama akasema.

Njia panda

Kutoka Bunda kwenda magharibi ni vumbi. Sasa mshale ulikuwa mbele yetu tena na Masanja alirudiwa na furaha, akawa anaimba. Saa saba hivi tulifika njia panda ya kwanza ya maana, karibu na Kibara. Alikuwepo mama mmoja anauza mihogo ya kuchoma chini ya mwavuli uliochanika. Nilishuka kununua.

"Shikamoo dada," akaniamkia, ingawa sidhani kama alikuwa mdogo kwangu.

"Marahaba. Samahani, Kwa Mgeta ni mbali?"

Mgeta ndiye mwenye mitumbwi ambaye Bwire anavua chini yake, na kambi yao inaitwa kwa jina lake.

"Kwa Mgeta? Kata kushoto hapa hapa. Nenda mpaka uone bati jipya, halafu teremka. Saa nane mmeshafika."

Nilirudi garini na mihogo na habari. Masanja alikuwa ameiwasha mashine. Alinionyesha. BWIRE, kilomita kumi na tisa, mbele na kulia kidogo.

"Kushoto si kwenyewe," akasema.

"Yule mama anaishi hapa."

"Anaishi hapa, lakini Kwa Mgeta mimi nimefika kwa miguu yangu. Nimekaa, nimekula. Huyu ama hajui, ama anaona aibu kusema hajui. Shemeji, watu wanakosea. Hii haikosei."

Nakiri mbele yenu, kwa sababu mlikuwa mnamcheka Masanja peke yake: nilikubaliana naye. Niliangalia namba kumi na tisa kwenye kioo, nikamwangalia mama muuza mihogo akifukuza nzi, nikachagua namba. Kidirisha kikagongwa.

"Yule mama amesema kushoto," Mama akasema. "Nimemsikia. Na jua sasa ni zuri."

"Tunajua njia, mama."

Nilimsikia akirudisha kigoda chake katikati.

Nukta

Kilomita kumi na tisa za mashine zilikuwa saa mbili za mawe, mabonde na kuzunguka mashamba ya mihogo. Masanja alikuwa anahesabu: mbili, moja, nusu. Tukatokea ufukweni. Mashine ikatoa mlio mdogo, na maandishi yakasema tumefika.

Ilikuwa kweli. Tulikuwa pale pale. Masanja alishuka, akautambua mwamba wenye ufa alioegemea mwaka jana, akautambua mteremko. Lakini hapakuwa na mtu. Kulikuwa na mafiga meusi, vipande vya wavu, taa ya karabai isiyo na kioo, na miti minne ya kibanda kilichoezuliwa na kuhamishwa. Majani yalikuwa yameota kwenye majivu.

Mama alishuka ngazi kwa kupapasa. Masanja akageuka haraka kutazama maji. Mama akainama, tundu lake la kuonea likatangatanga chini mpaka likakutana na figa moja. Akaligusa.

"Hapa watu walipika," akasema. "Si leo."

Nilikuwa nimemzuia mtu anayehesabu jua lake, kwa ajili ya namba kwenye kioo.

Kwenye maji kulikuwa na mwanamke mmoja anafua, amejifunga kanga kifuani, na alikuwa ametutazama tangu mwanzo bila kuacha kazi. Nikamfuata, nikamwamkia, nikamuuliza Kwa Mgeta ni wapi.

"Si kule karibu na njia panda, penye bati jipya."

"Lakini Kwa Mgeta ni hapa," Masanja akasema kwa nguvu, akimwonyesha mashine. "Mwaka jana nilikuwa hapa. Kwa Mgeta ni hapa!"

Mwanamke aliitazama mashine, akamtazama yeye, akakamua shati.

"Baba, dagaa wamehama, Mgeta amehama. Sasa Mgeta akihama, Kwa Mgeta ibaki hapa inafanya nini?"

Masanja akaizima mashine. Mimi mwenyewe nimezaliwa kwenye fukwe hizi. Nimeishi utotoni kwenye vijiji viwili vyenye jina moja, kwa sababu mwenye jina alihama nasi tukahama naye. Jambo hilo nalijua kuliko ninavyojua jedwali la kuzidisha, na halikunijia akilini hata mara moja njia nzima.

"Kwani hapa panaitwaje sasa?" nikauliza.

"Hapa?" Mwanamke akatafakari. "Hapa hapaitwi."

Penye bati jipya

Tulirudi kwa njia ile ile na hakuna aliyeimba. Tuliposhuka Kwa Mgeta, jua lilikuwa limeshagusa maji. Bwire alitoka mbio, amezeeka kidogo, ananuka dagaa na moshi, akamkumbatia Mama akalia. Mke wake akaja, na nyuma ya sketi yake kulikuwa na mtoto.

"Mama, wajina wako huyu," Bwire akasema.

Mama alifumba macho haraka, akayafunika kwa viganja.

"Msinionyeshe," akasema. "Nuru imekwisha. Sasa hivi nitaona kivuli tu, na kikishaingia kivuli hicho ndicho nitakachobaki nacho. Nitamwona kesho juani."

Kwa hiyo jioni ile mtoto alikaa naye, akala dagaa mkononi mwake, akamsimulia habari ndefu ya bata aliyeibiwa, na Mama alimsikiliza amefumba macho. Mtoto alimwuliza kama amelala. Mama akasema, "Nakuweka." Masanja alikula peke yake kwenye ngazi za lori. Nilimpelekea ugali wa udaga, ule wa mihogo. Hakuula.

"Shemeji," akasema, "tungekata kushoto, angekuwa ameshamwona."

"Tulikosea wote."

"Mimi ndiye niliyesema watu wanakosea."

Kulipokucha, wingu lilikuwa limefunika ziwa lote. Sijawahi kuchukia wingu kama lile. Wanawake wa kambi walianika dagaa kwenye mchanga hivyo hivyo, wakisema litatoka, halitatoka, litatoka. Mama alikaa kwenye kigoda chake uwanjani, macho kafumba, mtoto amemlalia magotini. Saa mbili ikapita, na saa tatu. Bwire alikwenda majini akarudi, akaenda akarudi. Masanja alisimama nyuma ya lori ametupa mgongo, anafuta kioo ambacho kilikuwa safi tangu juzi.

Karibu saa tano wingu lilichanika. Dagaa wote pale mchangani wakawaka kwa pamoja, na Mama akafumbua macho.

Alimtazama mtoto kidogo kidogo, kama asomaye barua kwa kidole. Alianza na sikio. "Hili langu," akasema. Akahamia kwenye paji. "Hili la babu yako." Macho, moja, halafu la pili, akachelewa sana hapo. Mdomo. "Jino limepinda. La nani hili?"

"La kwangu, mama," mke wa Bwire akasema, akicheka na kulia.

"Zuri. Litang'ang'ania nyama." Akashuka mpaka vidole vya miguu, akavihesabu. Mtoto alivumilia yote, kisha akauliza kama sasa anaweza kwenda kumtafuta bata wake. Akaruhusiwa.

Nilidhani imekwisha. Niliinama nichukue kigoda. Mama akanishika mkono.

"Jua bado lipo?"

"Lipo."

"Mkwe yuko wapi?"

"Nyuma ya gari. Nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu. Leo nasema mwenyewe." Akainua sauti. "Masanja!"

Kitambaa kilimtoka mkononi. Katika miaka minane alikuwa hajalisikia jina lake kwenye kinywa kile. Mke wa Bwire aliziba mdomo, na wanawake wa dagaa wakasimama walipokuwa.

"Masanja, njoo kwenye jua. Nimejua mgongo wako na sauti yako. Sitaki kuingia gizani na mgongo. Njoo. Kama ni kosa, nitalijibu mimi."

Alikuja. Alivua kofia, akaja hatua kwa hatua, akasimama mbali kidogo, macho yake chini kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa. Mama akamtazama: paji, nyusi, pua, ndevu za siku tatu, kidevu.

"Kumbe ni kijana," akasema hatimaye. "Siku zote nilidhani Debora ameolewa na mzee. Huo mgongo ni wa kizee."

Kambi nzima ikaangua kicheko. Masanja naye alicheka, machozi yanamtiririka mpaka kwenye zile ndevu.

"Ahsante kwa kunileta," Mama akasema. "Haya. Geuka."

Akageuka.

Kurudi

Kurudi hakuna la kusimulia. Tulikwenda kwa barabara, tukiuliza kila njia panda, na Masanja ndiye aliyekuwa anashuka kuuliza. Mashine ilikuwa kwenye kabati la vikombe. Nilimwona akiiwasha mara moja tu, kabla hatujaondoka Kwa Mgeta, akafuta BWIRE. Hakuandika kitu badala yake. Mama alikaa nyuma kwenye kigoda chake katikati ya vitanda, na ujumbe ukaendelea kupita kidirishani kama mwanzo, chumvi, maji, pole na safari, kila neno kwa mdomo wangu.

Sasa ni miezi kadhaa. Tundu limezibwa, kama daktari alivyosema. Mama hatofautishi mchana na usiku ila kwa joto la ukuta. Jumapili iliyopita Masanja alileta sukari. Mama alizisikia hatua zake uani, akavuta kanga mpaka usoni, akageukia ukutani, kama zamani. Masanja naye akaiweka sukari mlangoni huku ametazama kando.

Alipoondoka nikamwambia, "Mama, si huoni tena? Unageuka kwa nini?"

"Nageuka," akasema, "kwa sababu namwona."